Therapisti anafanya nini hasa, na kwa nini hakupi jibu?

Siku hizi kila mtu anaambiwa aende therapi. Umeachwa, nenda therapi. Bosi anakuvuruga, nenda therapi. Mtu akikomenti vibaya kwenye posti ya msanii anajibiwa "ndugu tafuta therapi" kama tusi vile. Sasa watu wameanza kwenda kweli, na malalamiko yanayorudi ni yaleyale: nimekaa saa nzima, nimelipa hela yangu, yule dada ananiuliza tu "na hapo ulijisikiaje", hajaniambia nimwache mume au nisimwache, si bora ningeenda kwa shangazi bure. Upande wa pili kuna jamaa wa TikTok mwenye taa ya duara na maiki ya kubandika shatini, hajasomea popote, anajiita therapisti na anakuamuru umwache leo hii kabla jua halijazama. Kwa hiyo aliyesomea hatoi jibu, asiyesomea anatoa jibu kila dakika mbili, na mtu wa kawaida akichanganyikiwa huwezi kumlaumu.

Tuanze na majina maana fujo inaanzia hapo. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kabisa, kasoma udaktari huuhuu wa kutibu malaria na kuzalisha, halafu akaongeza miaka mingine ya kubobea kwenye akili. Huyo ndo anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hakupita njia hiyo, yeye kasoma saikolojia, kwa kawaida mpaka masters, anapima na kutibu kwa mazungumzo, dawa haandiki. Mshauri nasaha, au kaunsela, naye kazi yake ni mazungumzo ila mara nyingi anashughulika na mambo ya maisha, ndoa, msiba, ulevi, majibu mazito ya hospitali. Wengi wetu Bongo ushauri nasaha tuliusikia kwenye habari za UKIMWI, enzi zile za vituo vya Angaza vilivyoanza 2001, kabla hujatolewa damu kuna mtu anakukalisha chini anakuuliza ukikuta unao utafanyaje na ukikuta huna utafanyaje.

Therapisti ni jina la jumla tu, anaweza kuwa yeyote kati ya hao watatu, na kwa sababu ni la jumla hata tapeli anajibandika. Kenya wana sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, inayotaka mtu awe amesajiliwa ndo afanye kazi hiyo. Tanzania tuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, ila hiyo inaongelea zaidi mgonjwa, namna ya kumpokea hospitali, kumtibu na kumlinda. Laifu kochi na wahamasishaji hawamo kwenye orodha hii kabisa. Wanaweza wakakupa mzuka wa kuamka saa kumi alfajiri, sawa, lakini mtu ambaye ana wiki tatu hali halali anahitaji kitu kingine.

Haya, sasa kwa nini aliyesomea hakupi jibu? Ili ulielewe hili inabidi nikupeleke Marekani kidogo kwa mzee anaitwa Carl Rogers, maana makaunsela karibu wote wanaofundishwa leo, wawe Dar, Nairobi au London, wanakutana naye mwaka wa kwanza. Rogers alizaliwa 1902 huko Illinois kwenye familia ya walokole wakali hasa. Chuo alianza na kilimo, akabadilisha akaenda upande wa dini akitaka kuwa mchungaji, akasoma theolojia New York kama miaka miwili, akaona hapana, akahamia saikolojia. Mwaka 1928 akapata kazi mji wa Rochester kwenye kitengo cha watoto walioshindikana, wale wanaoletwa na mahakama na watu wa ustawi wa jamii, na akakaa huko miaka 12 akihangaika na wazazi na watoto wao.

Huko ndiko kulikotokea kisa ambacho mwenyewe alikuja kukisimulia. Kuna mama alikuwa na mtoto wa kiume mtukutu sana. Rogers baada ya kumhoji akaona tatizo liko wazi kabisa, mama alimkataa huyu mtoto tangu mdogo. Sasa akawa anajitahidi kumwonyesha mama hilo, kwa upole, kwa subira, kikao baada ya kikao, mama haelewi au hataki kuelewa. Mwisho Rogers akanyoosha mikono, akamwambia naona wote tumejitahidi ila tumeshindwa, bora tuache. Mama akakubali, wakapeana mikono, akaelekea mlangoni. Alipofika mlangoni akageuka akauliza, hivi huwa mnapokea na watu wazima hapa? Akaambiwa tunapokea. Akasema basi mimi naomba msaada, akarudi kwenye kile kiti alichotoka kunyanyuka, akaanza kumwaga ya ndoa yake, jinsi alivyokata tamaa na mumewe, jinsi anavyojiona kashindwa kila kitu. Haya hayakufanana hata kidogo na ile historia aliyoitoa mwanzo alipokuwa anajibu maswali ya mtaalamu. Kazi ya kweli ikaanzia hapo, na kwa maelezo ya Rogers mama alisaidika na mtoto akasaidika.

Angalia kilichotokea. Mtaalamu alikuwa na jibu mkononi, na huenda lilikuwa na ukweli ndani yake, ila halikumsaidia mtu. Rogers akajifunza kwamba mwenye kidonda ndo anajua kinauma wapi, na kwamba wewe mtaalamu ukikimbilia kuonyesha akili yako unamziba mdomo. Kutoka hapo akajenga njia yake yote, kitabu cha 1942, kingine 1951, na alikuwa kati ya watu wa mwanzo kurekodi vikao kwenye santuri ili wanafunzi wasikie chumbani kunasemwa nini, maana zamani therapisti alikuwa anasimulia mwenyewe alichofanya na hakuna wa kumbishia. Mwaka 1957 akaandika kwamba ili mtu abadilike kuna mambo anayahitaji kutoka kwa therapisti wake, makubwa yakiwa matatu: awe mkweli bila usanii, amkubali mteja bila masharti hata kama anayosimulia yanakera, na ajitahidi kuyaona mambo kutoka pale alipokaa mteja. Mtu anaweza kusema hayo si ni utu tu wa kawaida. Ni kweli, ila jaribu kukaa saa nzima na mwanaume anayekusimulia alivyompiga mkewe, bila kumhukumu na bila kumtetea, ndo utajua kwa nini kuna watu wanasomea.

Na masomo yenyewe sehemu kubwa ni kujifunza kujizuia. Wanafunzi wanakaa watatu watatu, mmoja kaunsela, mmoja mteja, mmoja mtazamaji, na mtazamaji kazi yake ni kumkamata kaunsela pale alipokatiza mtu, alipotoa ushauri haraka, alipoanza "hata mimi ilishanitokea". Hiyo ya mwisho sisi tunaipenda sana, mtu hajamaliza kusema kafiwa ushaanza kumsimulia msiba wako. Wakishahitimu bado kuna msimamizi, mtaalamu mwenye uzoefu zaidi ambaye therapisti anakwenda kukaa naye mara kwa mara kujadili kesi zinazomsumbua, bila kutaja majina, ili asije akabeba mambo ya watu mpaka nyumbani au akaanza kumshughulikia mteja kwa hasira aliyonayo kwa baba yake mwenyewe. Wa TikTok hana msimamizi, ana wafuasi.

Lakini si wote wanakaa kimya na kusikiliza. Kuna shule nyingine ambayo ukienda utapewa mpaka kazi za nyumbani, na hii ilitokana na daktari wa akili wa Philadelphia anaitwa Aaron Beck, aliyezaliwa 1921 na kufariki 2021 akiwa na miaka 100. Alisomea ile therapi ya kizamani ya kumlaza mtu kwenye kochi anasimulia chochote kinachomjia. Kuna mgonjwa wake wa kike alikuwa kila siku anasimulia mambo yake ya mapenzi, halafu mwishoni anakuwa na wasiwasi, na Beck kwa alivyofundishwa akafasiri kwamba anaona aibu kwa anayoyasimulia. Mgonjwa akamjibu kwamba hapana daktari, nilikuwa naogopa nakuboa. Kumbe muda wote huku akisimulia, pembeni ya kichwa kulikuwa na sauti nyingine inamwambia unamchosha huyu mzee. Beck akaanza kuwauliza na wengine, akakuta wenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, karibu wote wana visauti hivyo, vinapita haraka, vinaamini mabaya tu, na mwenyewe wala havitilii shaka.

Chukua mfano wa meseji. Umemtumia mtu, tiki mbili za bluu, hajajibu, saa nne zimepita. Kilichotokea ni hicho tu, tiki mbili. Ila kichwani ushaandika kesi nzima, amenidharau, kuna mtu mwingine, mimi huwa naachwa na kila mtu, moyo unaenda mbio, chakula hakipiti, na jioni unamtukana mtu ambaye simu ilizima chaji kwenye daladala. Therapisti wa njia hii anakupa karatasi uandike: nini kilitokea, uliwaza nini, ulijisikiaje, ushahidi wa wazo lako ni upi na unaopinga ni upi. Watu wanadhani ndo ile "waza chanya" ya wahamasishaji, lakini hapa hakuna anayekulazimisha uamini mambo ni mazuri, unaambiwa uchunguze kwanza kama ni kweli. Saa ingine unachunguza unakuta kweli jamaa kakuacha, hapo sasa mnahamia kwenye utaishije na hilo.

Najua kuna msomaji hapa anasema hayo yote ya Illinois na Philadelphia, ya wazungu, sisi tuna wazee wetu. Sawa kabisa, ndo maana nataka nikae zaidi kwa daktari wa Zimbabwe, Dixon Chibanda.

Chibanda ni daktari wa magonjwa ya akili pale Harare, na wakati anaanza kazi madaktari wa aina yake nchi nzima ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Mwaka 2005 serikali ilikuwa imebomoa makazi na vibanda vya watu mijini, ripoti ya Umoja wa Mataifa ikasema watu kama 700,000 walipoteza nyumba au riziki. Kipindi hichohicho binti mmoja aliyekuwa anamtibu, anayekaa mbali na Harare, alijiua. Chibanda akamuuliza mama yake kwa nini hamkuja wakati tulikubaliana, akajibiwa hatukuwa na dola 15 za nauli. Jibu hilo lilimbadilisha daktari. Akaona ukikaa hospitali kubwa unasubiri watu, watakaokufikia ni wenye nauli.

Akataka kuanza huduma mtaani Mbare, uswahilini kwao huko. Manesi akaambiwa wana kazi zao, vyumba akaambiwa havipo. Alichopewa ni bibi 14, wahudumu wa afya wa jamii ambao siku zote walikuwa wanapita mitaani wakihamasisha usafi na chanjo. Na nafasi ya kukaa ikawa benchi la mbao nje ya kliniki, chini ya mti. Mwaka 2006 hiyo, na hata yeye mwenyewe hakuwa na imani sana na mpango wenyewe. Alianza kuwaletea bibi maneno ya vitabuni, wakamwambia mjukuu, ukiongea hivyo hakuna atakayekaa hapa, wakayabadilisha kuwa ya Kishona, na kazi wakaigawa hatua tatu: kufungua akili, kumwinua mtu, kumtia nguvu.

Inavyokwenda ni hivi. Mtu akifika kliniki, pengine kaja kwa ajili ya kichwa kuuma, anaulizwa maswali 14, umelala vizuri wiki hii, ulikuwa unawaza sana, uliwahi kuona bora ufe. Majibu yakizidi kiwango anapelekwa kwenye benchi kwa bibi. Pale anaeleza yote, bibi anasikiliza. Tuseme ni mama ana mkopo wa kausha damu, mume haachi hela ya matumizi, mtoto karudishwa nyumbani kutoka shule sababu ya michango, na tumbo linamuuma kila asubuhi. Ukiyaangalia kwa pamoja unachoka hata kabla hujaanza. Mvuvi akikuta wavu umejifunga havuti pande zote kwa hasira, maana fundo litazidi kukaza, anakaa chini anatafuta uzi mmoja unaolegea, anaanza na huo. Bibi anamwambia mama achague tatizo moja, na hapa ndo muhimu, anachagua mama. Bibi kichwani anaweza kuwa anaona la kwanza ni mkopo, lakini mama akisema mtoto kwanza, basi mtoto kwanza. Wanatafuta njia, kwenda kuongea na mwalimu mkuu alipe kidogokidogo, kumwomba kaka yake, mama anachagua moja anaondoka nayo, wiki ijayo anarudi kusema imekuwaje. Vikao havizidi sita hivi. Baadaye anaunganishwa na kikundi cha waliopita benchi hilohilo, wanakaa wanasuka mikoba kwa nyuzi za plastiki zilizookotwa, mikono inafanya kazi na mdomo unaongea, na mkoba ukiuzwa nauli inapatikana.

Walivyoupima huo mpango kisayansi, utafiti uliotoka Desemba 2016 kwenye jarida kubwa la udaktari la Marekani, walichukua watu 573 kwenye kliniki 24 za Harare, nusu ya kliniki zikawa na benchi na nusu zikaendelea na huduma ya kawaida iliyoongezewa kidogo. Baada ya miezi sita, kwa waliopata huduma ya kawaida karibu nusu bado walikuwa na dalili za sonona. Kwa waliokaa na bibi ilikuwa asilimia 14. Benchi hizo zimeshavuka mipaka, zimefika Malawi na Zanzibar pia.

Sasa watu wakisikia hivyo wanaruka upande wa pili, aah kumbe bibi anatosha, vyuo vya nini. Taratibu. Hao bibi walifundishwa, wana maswali ya kupimia, wana hatua, wana msimamizi, na wakikutana na mtu aliye kwenye hatari ya kujiua au anayesikia sauti zisizokuwepo hawabaki naye benchini, anapelekwa juu. Bibi yako na wewe anakupenda, lakini anamjua mumeo, anadai hela kwa mama mkwe wako, na Jumapili atakuombea kwa jina mbele ya kikundi cha maombi. Tena ana jibu tayari, vumilia mwanangu.

Siri nayo inaeleweka vibaya. Therapisti anatunza siri, ila kuna mipaka na anatakiwa akwambie siku ya kwanza kabla hujafungua mdomo: ukiwa kwenye hatari ya kujidhuru au kumdhuru mtu, mtoto akiwa ananyanyaswa, au mahakama ikiamuru. Asipokwambia muulize. Na usishtuke akikuuliza waziwazi kama umewahi kufikiria kujiua, wengi wetu tunaamini kuuliza hivyo ni kumpandikiza mtu wazo, wakati tafiti zimeangalia hilo na hazijaona kwamba swali linaongeza hatari, mara nyingi mtu anapumua kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu kulitaja.

Halafu ile ya "mimi siendi, mimi siyo wa Mirembe". Hospitali ya Mirembe pale Dodoma imebebeshwa utani wa nchi nzima, ila hata huko wapo wanaokwenda kliniki asubuhi, wanaonana na daktari na kurudi kazini kwao. Ukiwa na sonona kali, au ugonjwa wa kuona na kusikia yasiyokuwepo, mazungumzo peke yake hayatoshi, unahitaji daktari na pengine dawa, na therapisti anayekwambia utupe dawa ulizoandikiwa mkimbie. Dini pia haizuiwi, mtu anasali, anasoma dua, na Alhamisi ana miadi yake, therapisti mzuri atakuuliza imani yako inakusaidiaje badala ya kushindana nayo.

Kama unatafuta, kabla hujalipa piga simu uulize amesomea wapi na ngazi gani, anatumia njia ipi, ana msimamizi, na kikao ni dakika ngapi. Kawaida ni kama 50. Wa kweli hakasiriki kuulizwa. Anayekuahidi utapona kwa siku tatu, anayeposti visa vya wateja wake, anayekuomba mkopo au namba kwa mambo mengine ya usiku usiku, huyo achana naye. Hela ikiwa ngumu hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki za afya ya akili, Muhimbili ipo idara nzima, na mtu anayefikiria kujiua leo hasubiri miadi ya wiki ijayo, anapelekwa dharura ya hospitali iliyo karibu na haachwi peke yake njiani. Na ukishaenda vikao vitatu vinne ukaona hampatani kabisa, mwambie uso kwa uso, wengine wanaona aibu wanapotea kimyakimya wanazima na simu. Amezoea kuambiwa hivyo, na ni sehemu ya kazi yake kukuelekeza kwa mwenzake.